FILAMU YA SAA TATU INATUSHINDA, TAMTHILIA YA USIKU KUCHA TUNAIMUDU! KWA NINI?

MPENZI msomaji, hebu jiulize swali moja la kizushi. Ni Jumamosi usiku, watoto wamelala, umeme upo, na mwenzako anakuambia, "Kuna filamu nzuri hapa, ila ni ya saa tatu." Utamjibu nini? Wengi wetu tutasema, "Ah, ndefu mno hiyo, tuiache siku nyingine." Na siku nyingine yenyewe haifiki.

Sasa mtu huyo huyo akuwekee tamthilia. Sehemu moja, dakika 45 tu. Unakaa. Inakwisha, unasema haya, moja nyingine ndiyo ya mwisho. Inakwisha na hiyo. Kufumba na kufumbua jogoo anawika, muadhini anaita, nawe macho mekundu kama mtu aliyekesha msibani.

Jamani, kulikoni? Piga hesabu. Sehemu sita za dakika 45 ni saa nne na nusu. Yaani aliyekataa saa tatu kwa kuwa ni nyingi ndiye aliyekaa saa nne na nusu bila hata kunyoosha mgongo! Nimeliona kwa ndugu, kwa majirani na kwa wafanyakazi wenzangu, wake kwa waume, wasomi kwa wasio wasomi. Wiki hii nimeamua kulivalia njuga, maana nyuma ya kicheko pana jambo zito.

MAFUTA YA KUPIMA

Twende dukani kwa Mangi kwanza. Kuna dumu la mafuta ya kula la lita tano, na kuna mafuta ya kupima kwa kikombe. Kila mama wa nyumbani anajua kwamba ukijumlisha vikombe vya mwezi mzima, umelipa zaidi ya bei ya dumu. Lakini dumu linataka hela yote leo, kwa mkupuo. Kikombe kinataka kidogo tu, na kesho ni kesho.

Ndivyo ilivyo filamu na tamthilia. Filamu inakudai saa zako tatu papo kwa papo, kabla hujajua kama itakufurahisha. Tamthilia inakudai dakika 45, na kila baada ya hapo inakuonyesha mlango: ukitaka toka, ukitaka kaa. Kwa vile mlango upo, moyo unatulia. Na kwa vile moyo umetulia, hutoki! Wahenga walishalisema, bandu bandu huisha gogo. Gogo hapa ni usiku wako.

Shoga yangu mmoja wa Magomeni, mfanyabiashara wa vitenge, alinipa mfano nikacheka mpaka machozi. "Filamu, dada yangu, ni kama kualikwa harusini. Uoge, uvae, ukae mpaka mwisho hata kama pilau halina nyama. Tamthilia ni kama kupita kwa jirani. Unaingia na kanga yako, ukichoka unaondoka." Nikamuuliza, "Je, huwa unaondoka?" Akaangalia pembeni. "We acha tu."

GOGO LILELILE, VIPANDE TOFAUTI

Usidhani nasema kwa kubahatisha. Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye tamthilia za Kituruki, hizi ambazo zimeteka sebule zetu tangu zilipoanza kuingizwa sauti za Kiswahili. Kwao Uturuki, sehemu moja ya tamthilia huonyeshwa mara moja kwa wiki, na urefu wake mara nyingi ni saa mbili au zaidi. Naam, sehemu moja tu ni kama filamu nzima! Lakini zikiuzwa nje hukatwakatwa kuwa vipande vya kama dakika 45. Picha ni zilezile, Sultani yuleyule, kilio kilekile. Kilichobadilika ni kipimo. Yule jirani yako anayesema hawezi filamu ndefu anakula filamu ndefu kila wiki, ila amekatiwa vipande kama muwa.

Ukitaka mfano mwingine, chukua filamu ya The Irishman ya Martin Scorsese, iliyotoka mwaka 2019. Ina dakika 209, karibu saa tatu na nusu. Ilipoingia Netflix, watazamaji walianza kupeana mwongozo wa kuikata mara nne, waitazame kama tamthilia fupi. Mwaka huohuo The Hateful Eight ya Quentin Tarantino, ambayo ilikuwa filamu ya mwaka 2015, iliwekwa humohumo Netflix ikiwa ndefu zaidi kuliko mwanzo, lakini imegawanywa sehemu nne. Imeongezwa urefu, bado inaonekana nyepesi. Hapo ndipo ujue kwamba urefu siyo unaotutisha. Tunachoogopa ni kuahidi.

WATU UNAOWAJUA

Sababu ya pili ni ugeni. Kila filamu mpya inakuingiza nyumba usiyoijua. Huyu nani? Yule mkewe au dada yake? Mbona huyu amekasirika? Nusu saa ya kwanza unafanya kazi ya kujuana na watu, na baada ya saa mbili mnaagana milele.

Tamthilia inakutoza kazi hiyo mara moja tu, sehemu ya kwanza. Baada ya hapo unarudi kwa watu wako. Unajua nani mnafiki, nani mwenye roho safi, mama mkwe gani anafaa kuchomwa moto. Wakati Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1998 na kufungwa 2020, ikionyeshwa hapa nchini, nilisikia wanawake ndani ya basi wakimsengenya mtu kwa uchungu, nikadhani ni wifi yao. Kumbe wa kwenye televisheni!

Na siyo televisheni tu. Wenye umri wao mtakumbuka mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, nusu saa mara mbili kwa wiki. Dereva wa lori, Mkwaju, na vituko vyake vya kila kituo mke. Watu walimjua kuliko balozi wao wa nyumba kumi. Mchezo ule ulitungwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Watafiti waliufuatilia, na wakakuta kwamba sehemu zilizousikia zilipiga hatua katika uzazi wa mpango kuliko eneo la Dodoma, ambako haukurushwa mpaka mwaka 1995. Mtu unayekutana naye mara mbili kwa wiki kwa miaka anakushauri ukasikia. Hotuba ya saa tatu ingemlaza kila mtu.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba natukana tamthilia, la hasha. Mama mmoja mjane, mtu wa heshima zake, aliniambia, "Mwanangu, nyumba ikishakuwa kimya saa tatu usiku, hawa ndio wageni wangu." Nani atamlaumu? Filamu ni mgeni wa siku moja. Tamthilia inarudi kesho.

NDOANO MWISHONI

Sasa tuje kwenye ujanja wenyewe. Ukitazama vizuri, sehemu ya tamthilia haikwishi. Inakatwa. Mlango unafunguka, bwana harusi anageuka, anaona... basi! Majina ya waigizaji yanapita. Eti hapo ndipo ukalale!

Mtindo huu wa zamani sana. Watu wa pwani tumelelewa na Alfu Lela Ulela, ambamo Shahrazad anaokoa shingo yake kwa kumkatia mfalme hadithi penye utamu kila kukikucha, ili amwache hai mpaka usiku unaofuata. Uingereza, Charles Dickens aliitoa The Pickwick Papers kipande kwa kipande kila mwezi, mwaka 1836 hadi 1837. Na sisi wa magazeti je? Msomaji wangu, wangapi mlikuwa mnanunua gazeti mkaanza na ukurasa wa hadithi, mkafika chini kabisa na kukuta neno lile la kuudhi, "Itaendelea"?

Wataalamu wa saikolojia nao walilichimba. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alichapisha utafiti uliosema kwamba kazi iliyokatizwa hukaa kichwani kuliko iliyomalizwa. Mwaka uliofuata mwenzake, Maria Ovsiankina, alionyesha kwamba mtu aliyekatizwa kazi huirudia mwenyewe akipata nafasi, hata bila kuahidiwa chochote. Hilo la kumbukumbu limebishaniwa sana na waliokuja baadaye, lakini hilo la mtu kuirudia kazi aliyokatizwa limesimama imara zaidi. Binadamu hapendi kuacha kitu nusu. Mtunzi wa tamthilia anajua, ndiyo maana anakuachia nusu kila mara.

Filamu nayo ina ndoano, lakini imezifunga zote mle ndani, na mwisho inakufungulia. Ukitoka umetoka.

MASHINE HAISUBIRI

Zamani Shahrazad alikuwa na msaada wa jua. Kukikucha, hadithi inakoma, mfalme anakwenda barazani. Na enzi za Isidingo tulikuwa na msaada wa ratiba: sehemu ya leo ikikwisha, taarifa ya habari inaingia, upende usipende utasubiri kesho.

Ile breki imeondolewa. Kwanza zilikuja DVD za magendo, msimu mzima wa Prison Break au 24 kwenye mfuko mmoja wa nailoni, zikauzwa mpaka vituo vya daladala. Halafu flashi: unampa kijana wa kibandani, anakujazia. Halafu ikaja intaneti. Tarehe 1 Februari 2013 Netflix ilitoa House of Cards, sehemu zote 13 za msimu wa kwanza siku moja. Kabla huna hata nafasi ya kutafuta rimoti, sehemu inayofuata inaanza yenyewe baada ya sekunde chache.

Angalieni mabadiliko hayo, jamani. Zamani kuendelea kulitaka juhudi: utoke, ununue, usubiri. Sasa kuacha ndiko kunakotaka juhudi. Mwaka 2017 mkuu wa Netflix wakati huo, Reed Hastings, alisema waziwazi kwamba mshindani wao mkubwa ni usingizi. Hakuwa anatania sana. Wao wanajua wanapigana na nani. Sisi je?

ZAMANI TULIWEZAJE?

Utaniuliza, mbona wazee wetu waliziweza filamu ndefu? Swali zuri. Awaara ya Raj Kapoor, mwaka 1951, ilizidi saa tatu. Sholay ya mwaka 1975 ilizidi saa tatu. Lagaan ya mwaka 2001 ina dakika 224. Watu wa Dar walijaa Avalon na Empire, wa Unguja wakajaa Majestic na Cine Afrique, na Drive-in ya Msasani magari yalijipanga, hapohapo ulipo Ubalozi wa Marekani leo. Na wengi hata Kihindi hawakukijua!

Siri ya kwanza, filamu za Kihindi zilikuwa na mapumziko katikati. Taa zinawaka, watu wanatoka, karanga, soda, umbea, mnarudi. Mtengenezaji naye alijua, akaweka tukio kubwa kabla tu ya mapumziko, ili mrudi mbio. Kumbe nazo zilikuwa na "itaendelea" yake! Hata Titanic ya mwaka 1997, ilipouzwa kwenye kaseti za video, ilikuja mikanda miwili.

Siri ya pili, umeshalipa, umeshavaa, kiza kimeingia, na pembeni yako wapo mamia wanaolia unapolia. Nyumbani nani analia nawe? Simu inaita, sufuria linaungua, mtoto anataka maji. Filamu ndefu inataka utulivu wa msikitini. Tamthilia inavumilia: umeenda kusonga ugali, umerudi, wanakukumbusha wenyewe yaliyopita. Imetengenezwa kwa mtu mwenye mambo mengi.

HASARA INAPOINGIA

Mpaka hapa ni raha tupu. Lakini tufanye hesabu ya dukani. Msimu wa kwanza wa Prison Break ni sehemu 22. Kwa dakika kama 43 kila moja ni karibu saa 16. Ni Lagaan mara nne na ushee! Ukimwambia mtu leo atazame Lagaan mara nne ndani ya siku mbili atakuona mwehu. Lakini wapo waliomaliza msimu ule Jumamosi na Jumapili.

Binamu yangu mmoja ni kondakta wa daladala. Anatakiwa stendi saa kumi na moja alfajiri. Kila usiku kauli yake ni moja, "Dada, naangalia hii tu nalala." Wiki moja alilala saa tatu kwa siku, na siku ya tano akasinzia akiwa ameshika mlango, gari linakwenda. Abiria mmoja, mzee wa watu, ndiye aliyemkamata ukosi. Alikuwa bado sentimita chache aende chini ya matairi. Nilipomuuliza tamthilia ilikuwa inahusu nini, alihangaika kunieleza. Sehemu ziliungana kichwani kama uji.

Mama mmoja jirani naye ana kesi ya aina yake. Mumewe alitangulia sehemu nne yeye akiwa amelala. "Angekuwa na mwanamke nje ningemsamehe," aliniambia, "lakini kaniacha njiani!" Nilicheka, ila baadaye nikawaza. Zamani wale wawili walikuwa wanaangalia sehemu moja, halafu wanaibishania mpaka kesho yake. Sasa kila mmoja ana simu yake, kasi yake, na hawana cha kuzungumza kwa sababu kila neno ni kuharibiana utamu.

Hapo ndipo lilipo jambo zito nililowaambia. Filamu, kwa uzito wake wote, inakupa kitu kimoja ambacho tamthilia inakunyima: mwisho. Taa zinawaka, mnatembea kurudi nyumbani, mnaanza: "Lakini yule baba alikosea." "Hakukosea!" Mabishano yale ndiyo yaliyotufanya tuzikumbuke Awaara na Sholay. Penye "itaendelea" kila dakika 45, huo wasaa wa kuzungumza haupatikani. Unameza bila kutafuna.

BASI TUFANYEJE?

Siwaambii mzime televisheni, nani atanisikia? Nina manne tu, ya kujaribu wiki hii.

Kwanza, usikome mwishoni mwa sehemu. Mwisho ndiko kwenye ndoano. Koma katikati, dakika ya 10 au 15 ya sehemu inayofuata, pale fumbo la jana limeshafumbuliwa na jipya halijafungwa. Utashangaa usingizi unavyokuja.

Pili, zima ule mtindo wa sehemu kujianza yenyewe. Kwenye Netflix unazimwa katika mipangilio ya akaunti. Ukitaka kuendelea, ubonyeze kwa kidole chako mwenyewe. Angalau iwe umeamua.

Tatu, taja idadi kwa sauti kabla ya kuwasha, na mbele ya mtu. "Leo mbili." Mtoto wa miaka saba ni shahidi mzuri sana, hana haya.

Nne, filamu ndefu usiiogope, irudishie mapumziko yake. Saa moja na nusu, simama, chemsha chai, zungumzeni kidogo, mrudi. Ndivyo Majestic walivyofanya, na hakuna aliyelalamika kwamba Sholay ni ndefu.

Mwaka huu, mpenzi msomaji, jaribu filamu moja tu ya saa tatu, na mwenzako kando, simu zimewekwa chumbani. Ikikwisha, msiwashe nyingine. Kaeni mbishane.

Basi, hadi wiki ijayo panapo majaliwa. Na leo sikuwekei "itaendelea". Imekwisha, nenda kalale.